Chujio Lisilovuja

Sijawahi kusoma karatasi ya mtu nikaongeza neno langu au kulimeza la kwake. Ndiyo maana uani kwetu wananiita Karani. Nina cherehani barazani, nina kidato cha nne kichwani, na hakuna barua inayoingia getini bila kupita kwangu. Basi habari za Fundi niachieni mimi.

Siku karatasi ilipokuja, Fundi alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, anayeyusha vyuma vya ndani ya betri kuukuu ya gari. Hiyo ndiyo lehemu yake, gundi ya mafundi bati. Ukiipitisha kwenye maungio ya bati mbili ikapoa, hapatoki hata pumzi. Pembeni yake alisimama mjukuu wake, Kasuku, miaka minne, anapuliza mashavu kama anayesaidia moto.

"Rudi nyuma, mama. Utaungua."

"Rudi nyuma, mama. Utaungua," Kasuku akamjibu, na kikohozi cha babu yake juu.

Jina la Kasuku alilipata kwa halali. Mama yake alikuwa kazini mji mwingine, anapiga simu Jumapili, na mtoto alimsomea simuni wiki nzima: nani kamtukana nani, kwa sauti ya nani, kashika kiuno vipi. Watu wazima tulikuwa tunachunga midomo yetu mbele yake.

Fundi alikuwa ametengeneza faneli, taa za kandili na ndoo za kumwagilia tangu ujana wake. Plastiki ilipoingia, kazi ikafa polepole, kama mgonjwa asiyetaka kusumbua watu. Kisha maji ya bomba yakaanza kutoka na kutu, rangi ya chai, na harufu ya msumari. Fundi akakaa siku tatu hasemi na mtu. Siku ya nne akatoka na chujio: juu ndoo yenye changarawe, mchanga na mkaa uliopondwa, chini tangi la bati lenye koki. Maji yaliingia chai, yakatoka kioo.

Ua mzima ukaagiza, na mtaa wa nyuma pia. Kumi na manne kwa jumla. Kila alipokabidhi moja aliligonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akasema, "Hili halivuji. Mimi nitaoza, lenyewe litakuwepo." Alianza hata kunyoa ndevu.

Sasa karatasi. Watu wa kupima maji walikuwa wamepita na vichupa vyao, wakachota bombani, wakachota na kwenye chujio la Fundi. Majibu yakaja kwenye bahasha. Fundi hasomi, miwani anayosema ameisahau ndani haijawahi kuwepo. Nikamsomea. Bombani, risasi imezidi kidogo. Kwenye chujio, risasi imezidi mara kumi na mbili.

Fundi akacheka mwenyewe. "Nani kalipiga risasi chujio langu? Mbona halivuji?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Jirani yetu Mama Pacha alishika ukuta asianguke. Karatasi ikawashiwa jiko kesho yake, na mimi nikarudi kwenye cherehani, maana nilikuwa na shati la mtu.

Miezi ikapita. Kasuku akaanza kulalamika tumbo. Fundi akamwekea kikombe chake mwenyewe, cha bati, chenye mkono alioupinda ukae sawa na vidole vidogo. "Kunywa, mama. Maji safi yanaosha tumbo." Tumbo likiuma anaongezewa kikombe. Likiuma tena, kingine. Mtoto akawa mweupe wa kucha. Akawa anasahau katikati ya sentensi, anasimama mdomo wazi kama mtu aliyeingia chumbani asijue alifuata nini. Jumapili moja mama yake alipiga simu, akasema, "Haya Kasuku, nipe habari," na Kasuku akaishika simu mpaka salio likaisha.

Zahanati nilikwenda nao mimi, kwa ajili ya kusoma kadi. Walimtoa damu, tukaambiwa turudi. Tuliporudi, muuguzi alifunga mlango kwanza ndipo akakaa.

"Babu, nyumbani mna betri kuukuu?"

"Ninazo. Nayeyusha, napata lehemu."

"Hiyo lehemu unaifanyia nini?"

"Naunganishia bati. Matangi ya maji." Akajikuta anatabasamu. "Hayavuji."

Muuguzi akaishusha kalamu. "Mtoto ana risasi kwenye damu, babu. Nyingi."

"Risasi ya bunduki?"

"Risasi madini. Ile ile unayoyeyusha."

"Ile si risasi, mwanangu. Ile ni lehemu."

"Ni hiyo hiyo, babu. Ni majina tu."

Sijawahi kuona mtu akizeeka mbele yangu. Alitazama viganja vyake, akavipangusa kwenye suruali, akavitazama tena.

"Kwa hiyo bombani ilikuwa kidogo," akasema taratibu, "na mimi nikaijaza."

Muuguzi akaishika tena kalamu. Akauliza kama maji yaliwahi kupimwa. Fundi akasema yalipimwa, karatasi ikaja, ikasomwa.

"Mbona hamkuja? Chini ya zile karatasi huwa imeandikwa: acheni kukitumia chombo, leteni watoto wapimwe."

Nilikuwa nasoma bango la chanjo ukutani. Nililisoma lote.

"Atarudi kusema?" Fundi akauliza.

"Tutajitahidi kuipunguza iliyomo." Aliandika kitu kirefu kwenye kadi. "Iliyokwisha kuharibu, babu, sitakudanganya."

Mchana huo huo Fundi alipita mlango kwa mlango kuyarudisha matangi yake. Alipata mawili. Mama Pacha alisimama mbele ya lake kama anazuia wezi.

"Umenizoesha maji ya kioo, leo unataka nirudi kunywa matope?"

"Matope unayaona, mama."

"Wivu tu! Umepata wateja wenye hela, unataka kuwauzia langu." Akafunga mlango. Tukasikia koki ikifunguliwa ndani, na kikombe kikijaa.

Fundi akarudi uani. Akalitoa tangi la nyumbani kwake, likiwa na maji bado, akaliweka juu ya kigoda. Akapasha moto chuma chake cha kuunganishia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akakitumia kufungua. Maungio yakalainika, yakatoa chozi la fedha. Kisha tone la maji. Kisha lingine. Tangi la Fundi likavuja.

Kasuku alikuwa mkekani, na kikombe chake mapajani. Wiki tatu hakuwa ametoa neno.

"Karani," Fundi akasema bila kugeuka. "Ile karatasi iliandikwaje?"

"Kama nilivyokusomea, Fundi. Si ulicheka mwenyewe?"

Mimi nikavuta kitambaa, nikakanyaga pedali ya cherehani. Uzi ukakatika.

Ndipo Kasuku akafungua mdomo. Haikutoka sauti yake. Ilitoka yangu, ya puani kidogo, na kile kicheko changu cha kuvuta pumzi ndani.

"Nani kalipiga risasi chujio la Fundi? Mbona halivuji?"

Akapumzika, kama anatafuta ngazi gizani. Kisha kikohozi cha babu yake.

"Soma tena, Karani. Ya chini umeiruka."

Kisha mimi tena, wazi, kila silabi mahali pake.

"Hakuna kitu huko chini, Fundi. Wino tu. Nina shati la mtu hapa."

Akanitazama aone kama nitacheka. Watu walikuwa wanacheka akifika hapo.

Fundi hakunitazama. Chuma kilikuwa kinapoa mkononi mwake. Matone yalikuwa yanaanguka udongoni moja moja, masafi, yanang'aa, na Kasuku akainuka mkekani, akayakinga kwa kikombe chake. Fundi akaweka kiganja juu ya mdomo wa kikombe. Maji yakaendelea kudondoka, juu ya mkono wake.