Walitaka Waende Wapi?

Jerusha alikuwa muuguzi, na kila Ijumaa aliongoza somo la Biblia katika ushirika wa Wakenya kanisani, mtaa wa Abu Hamour, kwenye nchi ya Kiarabu walikofanya kazi. Alipoanza kufundisha chimbuko la Wayahudi, mambo yalikwenda vizuri. Abrahamu aliondoka kwao, watumwa wakatoka Misri, mateka wa Babeli wakapoteza hekalu lakini hawakuyaacha Maandiko. Watu waliitikia amina.

Juma lililofuata akafikia mateso. Alieleza walivyofukuzwa Uingereza, kisha Uhispania. Walivyochomwa moto wakati wa tauni kwa kusingiziwa kutia sumu visimani. Na Wanazi walivyoua milioni sita. Japheth, kiongozi wa kwaya, akasema waliyataka wenyewe, maana ndio waliomsulubisha Bwana.

Jerusha akamwuliza mtoto aliyezaliwa Poland karne kumi na tisa baadaye alimsulubisha nani. Akamkumbusha kwamba msalaba ulikuwa wa Warumi, na Mariamu mwenyewe alikuwa Myahudi.

"Dada, mimi sibishani na Neno," Japheth akasema, na watu wakacheka. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hata Kerubo, rafiki yake waliyeishi naye chumba kimoja, alikuwa akitikisa kichwa kukubali.

Baadaye mwenyekiti, Mzee Philipo, akamwita pembeni. Alimwambia kwa upole kwamba wao ni wageni nchini, na kwa sababu ya vita vya Gaza watu wangedhani ana upande. Jerusha akajibu kwamba watoto wa Gaza anawalilia kila siku. Yeye alikuwa akisema habari za watu waliochomwa kwa uongo wa visima. Mzee akasema ameelewa, kisha akampa Japheth somo la Ijumaa ijayo.

Ndani ya teksi, Jerusha akamgeukia Kerubo kwa hasira.

"Kerubo, mlipochomewa nyumba kule Kericho wakati wa ghasia za uchaguzi, mlikuwa mmemkosea nani?"

Kerubo aligeukia dirishani. Walipofika nyumbani, Jerusha akajilaumu kwa kutonesha kidonda cha mwenzake ili ashinde mabishano. Akaomba msamaha. Kerubo alikuwa akimenya viazi.

"Walisema tumewaibia ardhi," akasema hatimaye. "Nilikuwa darasa la tatu. Nilikuwa nimeiba nini mimi?"

Ijumaa, Japheth alirudia yaleyale. Kila nchi iliwafukuza, akasema. Lazima kuna sababu. Hapo Kerubo akasimama, akauliza kwa sauti ya chini:

"Na waliowafukuza, walitaka waende wapi?"

Japheth akasema muda umekwisha, akaanzisha wimbo. Ushirika ukaimba. Kerubo akabaki amesimama, bila kuimba, na Jerusha, aliyekuwa amechoka kubishana, akainuka akasimama karibu naye.