Sekunde Thelathini za Fideli Ndikuriyo

Kwa miaka tisa Leonsia alipiga picha za pasipoti Nyakanazi, nyuma ya stendi, kati ya mama lishe na fundi wa matairi ya malori. Ofisi yake ilikuwa kitambaa cha bluu kilichopigiliwa misumari ukutani, kiti cha plastiki na kioo cha kujitazamia. Kila aliyekaa kwenye kiti kile aliambiwa maneno yale yale: "Inua kidevu. Usicheke. Tulia hapo, usipepese." Yalikuwa yamemkaa mdomoni kiasi kwamba hata akimsuka mtu nywele alijikuta anayasema.

Ndiyo maana alipochaguliwa kwenda kwenye mafunzo ya siku tano ya kupiga picha za mazingira, hakujua auambie mti nini. Mafunzo yalifanyika palepale Nyakanazi, kwenye ukumbi wa gesti moja, ili wapiga picha wa mitaani wajifunze kupiga picha ambazo wageni wangezipenda. Mwalimu aliitwa Wiston, ametoka Mwanza, mtu mpole ambaye hakuweza kupita kwenye kichuguu bila kukisifia.

Siku ya kwanza aliwafundisha theluthi. Gawa picha mafungu matatu, alisema, na kitu chako kikae kwenye mstari wa pembeni, usikibandike katikati kama muhuri. Siku ya pili akawafundisha pazia la kamera. "Funga kioo hiki cheusi mbele ya lenzi, acha pazia wazi sekunde thelathini. Kinachotembea kitafutika. Ukipiga barabara hii hivi sasa, malori yote yatapotea. Kitabaki kilichotulia tu." Leonsia aliandika sentensi hiyo ya mwisho daftarini na kuipigia mstari.

Mchana wakapanda Noah kwenda kufanya mazoezi mpakani mwa hifadhi, ng'ambo ya Nyamigogo, kwenye bikoni, nguzo ya mpaka, namba kumi na saba. Leonsia aliposhuka alielekea moja kwa moja kwenye mteremko bila kuuliza njia. Hapo ndipo kilipokuwa kijiji cha Kabusoro: nyumba arobaini, migomba, na kanisa la matofali mabichi. Miaka kumi na miwili iliyopita wakazi waliambiwa wapishe hifadhi, wawe wametoka kabla ya saa sita mchana, na saa sita ilipofika nyumba zikachomwa. Fideli Ndikuriyo, baba yake Leonsia, alikuwa ameshafika kwenye bikoni na mkungu wa ndizi begani alipokumbuka kwamba hakufunga mlango. Mbuzi wangeingia wakala maharage. Akautua mkungu, akarudi kufunga mlango, na hakuna aliyemwona tena.

Tangu hapo Genoveva, mama yake Leonsia, hakuwa mke wala mjane. Kwao marehemu huzikwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kisha baada ya muda watu hukusanyika wakanywa pombe ya ndizi, wakanyoana nywele, na msiba ukaisha. Huwezi kumaliza msiba ambao haukuanza. Kila jioni Genoveva alipakua sahani ya tatu, akaifunika, na asubuhi akawapa kuku. Alichotaka serikalini ni karatasi moja tu, iseme Fideli amekufa au iseme yuko wapi. Ofisini walimpokea kwa heshima na wakamjibu kwamba kwenye rejista zao hakuna Kabusoro, na kijiji ambacho hakikuwahi kuwepo hakiwezi kupoteza mtu. Alikwenda mara kumi na tisa. Inauma kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Leonsia akasimamisha stendi ya kamera, akafunga kioo cheusi, akalenga nyasi. Kabla ya kubonyeza, mazoea ya kazi yakamponyoka. Akasema kwa Kirundi, lugha ya nyumbani kwao: inua kidevu, usicheke, tulia hapo, usipepese. Wenzake walicheka. Wakahesabu naye sekunde thelathini.

Kwenye kioo cha kamera nyasi zilikuwa zimegeuka moshi, na katikati ya moshi alisimama Fideli, kidevu juu, mkono mmoja umeshika mlango. Ukuta haukuwepo, mlango tu. Hakuwa amepepesa.

Wiston alikuja, akainama, akatazama kwa muda.

"Ukali wa picha uko vizuri sana," alisema. "Ila umemweka katikati. Nilisemaje jana?"

"Theluthi, mwalimu."

"Basi rudia."

Leonsia akamwomba baba yake asogee kidogo kulia. Picha ya pili ilimwonyesha kwenye theluthi ya kulia, pamoja na mlango wake, kwa kuwa hakuuachia. Pembeni kabisa ilionekana bikoni na namba yake. Wiston akasema hiyo ndiyo picha, na kwamba watu wengi huhitaji wiki nzima kuelewa. Leonsia alifuta lenzi, kisha akafuta macho kwa kitambaa kile kile.

Jioni alimwonyesha mama yake. Genoveva alivaa miwani, akaisogeza kamera karibu na dirisha.

"Amekonda," alisema. "Na shati ni lile lile."

"Ndiyo, mama."

"Kumbe bado anafunga mlango."

Akavua miwani, akaenda kulala. Usingizi haukumjia upesi, na Leonsia alimsikia akikohoa kile kikohozi cha mtu asiyetaka kusikika akilia.

Siku ya tano picha zilibandikwa ukumbini, vyeti vikagawiwa, wakaalikwa watu wa hifadhi. Picha ya Leonsia ilipewa nafasi ya kwanza. Askari mmoja wa hifadhi, Anastazi, kijana wa Biharamulo mwenye sauti ya chini, alisimama mbele ya picha hiyo muda mrefu kuliko wote. Akasogea, akasoma namba ya bikoni, akatoa kitabu mfukoni.

"Dada, hongera. Huyu mzee yuko ndani ya mpaka."

"Yuko kwake."

"Yuko ndani, upande wa pili wa bikoni. Ana kibali?"

"Hana."

"Anaitwa nani?"

Kwa miaka kumi na miwili hakuna mtu mwenye kitabu cha serikali aliyewahi kumuuliza swali hilo. Leonsia akataja jina lote, na kwa kuwa Anastazi aliandika polepole, akamtajia herufi moja moja. Askari akachana karatasi, akampa kwa mikono miwili. Fideli Ndikuriyo, wa Kabusoro, alitakiwa kufika ofisini Jumatatu saa mbili asubuhi kujibu kosa la kuingia hifadhini bila kibali.

"Umeandika Kabusoro," Leonsia alisema.

"Lazima niandike anakotoka," Anastazi alijibu.

Genoveva aliisoma karatasi kwa kidole, neno kwa neno. Alirudia mara tatu pale penye jina. Kisha akafungua sanduku, akatoa shati jeupe la Jumapili ambalo Fideli alilivaa mara mbili tu, akalipiga pasi ya mkaa hadi kola ikasimama. "Asiende mbele ya watu na lile la shambani," alisema, akamkabidhi binti yake.

Jumatatu Leonsia alifika ofisini saa moja na nusu. Akalitundika shati kwenye mwisho wa benchi la ukumbini, akasimamisha stendi ya kamera mbele yake, akasema maneno yake kwa sauti ya chini, akafungua pazia. Katika zile sekunde thelathini watu wanne walipita na mafaili, na wote walifutika. Alibaki Fideli, ameketi wa kwanza kwenye foleni, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, kofia ameiweka magotini, amefika mapema kama kawaida yake.

Saa mbili karani, mama mmoja aitwaye Ildefonsa, alitoka mlangoni na faili.

"Fideli Ndikuriyo." Akangoja. "Fideli Ndikuriyo." Akaita mara ya tatu.

"Shikamoo mama. Yupo," Leonsia alisema, akamwonyesha kamera.

"Marahaba mwanangu." Ildefonsa alitazama picha, akatazama benchi, akarudi kwenye picha. "Namwona. Lakini mshtakiwa anaitika mwenyewe. Picha haiwezi kumwitikia."

Akaandika: hakufika. Chini yake akaandika kwamba itolewe hati, atafutwe popote alipo na akamatwe. Akagonga muhuri, akampa Leonsia nakala.

Leonsia alimkuta mama yake akimenya ndizi uani.

"Alivaa?"

"Alivaa."

"Lilimtosha?"

"Limempwaya mabegani."

Genoveva akatikisa kichwa. Leonsia akamsomea nakala yote, hadi pale paliposema kwamba hakufika na kwamba atafutwe popote alipo.

"Watamtafuta?"

"Ndivyo walivyoandika, mama."

Genoveva aliweka kisu chini. "Mara kumi na tisa niliwaomba wamtafute," alisema. Akachukua ndizi nyingine akaimenya, na jua lilipozama akapakua sahani tatu.