Leo Tunafunga

Mkahawa wa Mama Mwiko ulikuwa unakata roho, na mtaa mzima ulijua isipokuwa Mama Mwiko mwenyewe, ambaye alishikilia kwamba biashara imepoa tu. Ilianza kupoa siku ilipofunguliwa hoteli ya vioo ng'ambo ya barabara, yenye viti vyekundu na ubaridi wa mashine. Hoteli hiyo kila mchana ilirusha mtandaoni ofa za muda wa saa mbili tu: wahi sasa au ukose. Watu wazima wenye akili zao wakawa wanavuka barabara mbiombio kana kwamba hawajawahi kuona kuku.

Jina la Mama Mwiko alipewa na wateja, kwa sababu hakuonekana bila mwiko mkononi. Akifungua mlango, mwiko upo. Akisalimia mgeni, mwiko upo. Alipika wali, maharage, kuku wa mchuzi na mboga za majani, basi. Ukimwomba kitu kingine alikuuliza kama umepotea njia. Msaidizi wake alikuwa binti yake wa mwisho, ambaye wateja walimwita Kitinda. Kitinda alipunguzwa kazi kwenye duka la kuchapisha kadi na mabango, akarudi nyumbani hana mbele wala nyuma, na sasa alikuwa mhudumu, mshika fedha na mfutaji wa meza ambazo hakuna aliyezichafua.

Mwenye nyumba alikuwa mzee mpole, na upole wake ndio uliomtia Kitinda hofu. Mzee mkali unaweza kugombana naye. Huyu alikuja, akakaa, akavitazama viti vitupu huku akinywa chai yake polepole, kisha akasema mkataba unaisha mwisho wa mwezi na kuna kijana wa kuuza simu anakitaka chumba.

"Mimi sipendi kuwatoa, mama," alisema. "Lakini chumba kisichoingia watu kitanilipa nini? Alhamisi mchana nitapita. Nikikuta watu, tunaandikishana upya, yanaisha."

"Watu watakuwepo," akajibu Mama Mwiko, bila kuwa na hata mmoja wa kumtaja.

Kitinda hakulala vizuri siku hizo. Alimjua mama yake. Mwanamke yule hakuwa na kitu kingine duniani kilichokuwa chake. Mume alishatangulia, wakubwa wa Kitinda wameoa na kuolewa mbali, na nyumbani alikuwa mtu wa kukaa ukingoni mwa kitanda akisubiri kupambazuke arudi jikoni. Chumba kile kikiondoka, ataondoka nacho. Kitinda aliliwaza hilo waziwazi, akaogopa, akachukua simu.

Aliziangalia ofa za ng'ambo jinsi zilivyoandikwa. Hashitagi fupi fupi, maneno yameshikana bila kupumua, na ndani yake kuna saa, ili msomaji aone kwamba akizubaa ameliwa. Akaona hilo hata yeye analiweza. Akapanga: Alhamisi, siku moja tu, chakula cha kubeba kiwe nusu bei mpaka saa tisa. Watu wa maofisini hawana muda wa kukaa, wanabeba. Na wakiwa wanasubiri wafungiwe, si wamo ndani? Mzee atakuta chumba kimejaa.

Hapa lazima lisemwe neno moja kuhusu kufunga. Katika mkahawa ule kufunga ilikuwa kazi. Tangu Kitinda anatambaa chini ya meza alimsikia mama yake akiuliza kutwa nzima, "Unakula hapa, au nafunga?" Kufunga kulikuwa ni kukata karatasi ya foili, kubana kifuniko, kutia kwenye mfuko na fundo juu. Kwake yeye neno hilo lilinukia wali wa moto. Mtu mwingine yeyote angeshtuka mapema. Yeye, aliyekulia humo, hakuona kitu.

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi alipiga picha ya sufuria la kuku likitoa mvuke, akaandika chini yake: #LeoTunafunga #MwishoSaaTisa #NusuBei. Akayasoma mara mbili, akajipongeza kimoyomoyo, akairusha, akaenda kumenya vitunguu.

Kabla ya saa sita walikuwa wameshaingia watu ambao hawajaonekana miezi. Aliingia mwalimu mstaafu, akaingia dada wa benki na wenzake, wakaingia mafundi wa gereji na mikono yao myeusi. Cha ajabu ni kwamba hawakubeba. Walikaa. Waliagiza sahani, wakala taratibu, wakapiga picha kuta, wakapiga picha dirisha la jikoni. Kila mmoja alipopita karibu na Mama Mwiko alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, mama," walisema. "Pole sana jamani."

"Nimeshapoa," alijibu Mama Mwiko, jasho likimtiririka, meno yote nje. Alidhani wanampa pole ya kazi, na kweli kazi ilikuwepo. "Kaeni mle, kuku yupo."

Alikuwa na furaha. Kitinda alikuwa amesahau jinsi mama yake anavyokuwa furaha inapompata: anasimama wima, anatania wateja, anawasukumia nyama ya ziada kwa jicho la kuibia kana kwamba anajiibia mwenyewe. Kitinda alimtazama akapata kwikwi ya kulia, akaenda kujificha penye sinki la vyombo. Huko ndiko alikoitoa simu aone ofa yake imefika wapi.

Ilikuwa imefika mbali. Watu walikuwa wameisambaza kwa mamia, lakini maneno waliyoandika chini yake hayakuwa ya ofa.

"Hata pale jamani? Nilikula pale siku nilipopata kazi."

"Twendeni tukamuage mama wa watu, mwisho saa tisa."

"Maisha magumu. Nusu bei na yeye ndiye anayefilisika. Huyo ni mama kweli."

Kitinda alisoma tena alichoandika. Leo tunafunga. Mwisho saa tisa. Safari hii aliyasoma kama mtu wa nje, na akaona alichokifanya. Alikuwa ametangaza kifo cha mkahawa wa mama yake kwa mkono wake, na watu wote wale waliojazana kwenye viti walikuwa wamekuja mazikoni.

Akaandika haraka, vidole vikiteleza: "Jamani, tunafunga chakula, hatufungi mkahawa!" Akataka kutuma. Kisha akachungulia kwenye dirisha la jikoni. Chumba kimefurika mpaka wengine wanakula wamesimama, mama yake anacheka na mafundi wa gereji, na mzee mwenye nyumba anaweza kutokea wakati wowote. Akituma sasa, nusu ya hawa wataangalia simu zao na kuinuka. Akayafuta aliyoandika. Akajiambia mzee akishapita tu, atasahihisha, hakuna atakayeumia. Kosa la kwanza lilikuwa la neno. Hili la pili alilifanya kwa akili timamu, na mwenyewe alilijua wakati anairudisha simu mfukoni.

Aliyeharibu mambo alikuwa fundi cherehani wa pale kona. Huyu bwana alimwahidi Mama Mwiko aproni mpya zamani hizo, na kila alipokumbushwa alisema uzi umekwisha. Leo aliingia na aproni mkononi, imepigwa pasi, ina mfuko mbele na jina limedariziwa.

"Nilikuzungusha sana," akasema mbele ya watu, macho chini. "Nikasema leo nisile mpaka niimalize. Japo sasa utaivalia nyumbani."

Mama Mwiko aliipokea, akaigeuza huku na huku. "Nyumbani kufanya nini? Nitaivaa hapa kesho."

Fundi akatazama wenzake. Dada wa benki akainamia sahani yake, na mwalimu mstaafu akakohoa bila kikohozi.

"Si mnafunga leo, mama?" fundi akauliza kwa sauti ndogo. "Tumeona kwenye simu."

Mama Mwiko aliikunja aproni vizuri, akawaambia waendelee kula, akaingia jikoni. Kitinda alikuwa amesimama pale pale penye sinki, na uso wake ulikuwa umeshaeleza nusu ya habari.

"Umewaambia nini watu?"

Kitinda akamweleza yote, bila kubakiza, hata yale ya kuandika na kufuta. Alitarajia kupigwa mwiko. Badala yake mama yake alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, machozi yakamtoka. "Kufunga!" akasema. "Nimefunga miaka yote hii, leo nimejifunga mwenyewe!" Kitinda naye akaanza kucheka kwa nafuu, akidhani yamekwisha. Kisha kicheko cha mama yake kikakatika ghafla, kama mtu aliyeitwa.

"Hebu nisomee wanavyosema."

"Mama, achana nayo, mimi nafuta sasa hivi."

"Soma."

Kitinda akasoma. Alisoma ya dada wa benki, akasoma ya watu asiowajua. Akafika kwenye ya mwalimu mstaafu, aliyeandika kirefu kama walimu wanavyoandika: kwamba alikuwa akipita mlangoni pale kila mchana, anausikia mchuzi, na kila siku alisema ataingia kesho, kisha anavuka barabara.

"Rudia hiyo."

Akarudia. Mama Mwiko alisikiliza ameegemea jiko, macho yake yapo dirishani, juu ya migongo ya wateja wake.

"Kumbe alikuwa ananiona," akasema. "Mimi nilidhani haoni. Nilikuwa nasema mwalimu macho yake yameanza kupungua."

"Mama, wanakupenda. Si unaona wamejaa?"

"Naona."

Akachukua mwiko, akapakua sahani mbili za mafundi waliokuwa wanangoja, akatoka nazo. Wateja walimpisha. Mmoja alimshika bega. Kitinda alimfuata nyuma na sahani zake, na alichokiona kilimtisha kuliko hasira: mama yake alikuwa anapokea zile pole sasa kwa kuzielewa, moja moja, akiitikia kwa kichwa, akiwashukuru.

Mzee mwenye nyumba akatokea saa nane, kofia mkononi. Alisimama mlangoni akashangaa. Hakupata pa kukaa, wakampa stuli ya jikoni.

"Mama, mmenichanganya," akasema. "Mjukuu wangu amenionyesha simu, ati mnafunga. Nikasema mbona hawajaniambia? Sasa nakuja nakuta watu mpaka mlangoni. Mimi neno langu ni lile lile. Karatasi ninazo hapa. Kama hizo za simu ni porojo, tuandikishane, yule kijana wa simu nimwambie atafute kwingine."

Kitinda alikuwa amefaulu. Kwa njia ya hovyo, ya aibu, lakini amefaulu. Mzee amekuta watu, karatasi zipo tayari.

"Ni porojo, babu!" akadakia. "Nilikosea kuandika mimi. Nilimaanisha tunafunga chakula, cha kubeba. Hatuendi popote!"

Mzee akatabasamu, akazitoa karatasi, akachomoa kalamu kwenye shati. Mama Mwiko akamwekea mkono juu ya karatasi.

"Mwache huyo, ni mtoto, hataki tu kukubali," akasema kwa upole. "Ni kweli, mzee wangu. Tunafunga. Ilikuwa nije nikuambie mwenyewe."

"Mama!"

"Mpe kijana wa watu chumba chake."

Mzee aliwatazama wote wawili kwa zamu. Alikuwa mtu wa kuheshimu neno la mtu mzima mwenzake, na hilo ndilo lililomaliza kila kitu. Akakunja karatasi zake, akasema pole, akasema hajawahi kupata mpangaji kama yeye. Mama Mwiko akamsindikiza mpaka mlangoni. Aliporudi jikoni, Kitinda alimfuata.

"Kwa nini? Mama, kwa nini? Alikuwa anasaini! Chumba kimejaa, kalamu ilikuwa mkononi!"

"Punguza sauti, watu wanakula."

"Nijibu basi!"

Mama Mwiko alifunua sufuria la kuku, akakwangua chini kuona kimebaki nini. Aliongea akiwa amempa mgongo.

"Nikuulize mimi kwanza. Kesho tukifungua, hawa watakuja?"

Kitinda alitaka kusema watakuja. Alitaka kusema watakuja mwalimu na wale wa gereji, na dada wa benki ataleta wenzake, na wao wawili hawatatosha kupakua. Alijua jinsi ya kuyasema. Kazi yake nzima wiki ile ilikuwa kutafuta maneno ya kuwaleta watu. Lakini mama yake aligeuka akamtazama, anasubiri kweli, na macho yake bado yalikuwa na tumaini dogo ambalo mtu angeweza kuliokoa kwa neno moja. Kitinda akalitafuta neno hilo, na hakulipata.

Mama Mwiko akaitikia kwa kichwa taratibu, kana kwamba amejibiwa kwa adabu.

"Wapelekee wale wa pembeni maji," akasema. "Wamekaa muda mrefu."