Kunde Zilizopigwa Miale

Mama Kalekye alikuja Makongeni kutoka Machakos mara aliposikia mkaza mwanawe ana mimba. Nyumba ya shirika la reli aliyopewa mwanawe Kitonga, dereva wa treni, ilikuwa chumba kimoja. Wakakigawa kwa pazia.

Jioni moja mama aliuliza, "Kavutha, huko kazini unafanya nini hasa?"

Kavutha alikuwa msaidizi katika maabara ya mbegu. Akaeleza kwamba huingiza mbegu kwenye mashine ya miale, kisha huzipanda na kuzipima. Zikipata miale mingi hudumaa au huozea mchangani. Zikipata kidogo, nyingine huota haraka kuliko za kawaida.

"Miale ipi?"

"Haionekani, Mama."

Kuanzia hapo mama hakupata usingizi. Ili kumtuliza, Kavutha aliomba kazini kunde chache zilizopigwa miale kidogo, akazipanda kwenye debe nje ya mlango. Debe la pili akalitia kunde za sokoni. Alitaka mama aone kwa macho yake kwamba haziumii.

Zile za maabara zikatangulia kuchipuka, zikazipita za sokoni. Jirani yao Wacuka akasimama kuzitazama. "Mbona hizi zimekimbia hivi?"

Mama Kalekye akamgeukia Kavutha. "Nawe unataka kunizalia kitu kinachokimbia hivyo?"

"Mama, miale haibaki ndani ya mbegu. Hata kuliwa zinaliwa." Majani yalipokomaa, Kavutha akayachuma, akayapika kwa nyanya na kitunguu. Alikula peke yake, mama akimtazama kila tonge.

"Sasa umemlisha na mtoto," mama akasema, akaanza kulia.

Kesho yake Kavutha alimwendea mkubwa wake, Phares, akaomba kazi nyingine mpaka ajifungue.

"Ukuta wa kile chumba ni mnene," Phares akasema. "Miale haikufikii. Na kazi nyingine sina."

"Angekuwa mkeo, ungemwacha aingie?"

Phares akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Kavutha alirudi nyumbani na kimya kile. Kuhusu kunde alikuwa na hakika. Kuhusu mtoto, hakuwa na hakika tena, na hakuwa na mtu wa kumwambia, maana kukiri hofu kungekuwa kumpa mama ushindi. Kitonga aliporudi kutoka safari ya Mombasa, alimsikiliza mama yake kwanza.

"Chagua," akamwambia mkewe. "Kazi ama amani ya nyumba hii."

Kavutha akaacha kazi. Mama aling'oa kunde zote, hata za sokoni. Kavutha akabaki chumbani, akisikia treni zikipita na mama akikohoa nyuma ya pazia. Akitoka kuchota maji, mama alimfuata.

Alijifungua msichana mzima, mwenye sauti kali. Mama akampokea kwa vigelegele.

"Umeona? Ungeendelea na ile miale, leo tungekuwa tunaomboleza."

Kavutha akawaza. Mtoto angezaliwa mgonjwa, ingekuwa miale. Amezaliwa mzima, ni kwa sababu aliacha kazi. Hapakuwa na pa kupenyea.

Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe, Kavutha alimwambia Kitonga kwamba anataka kurudi maabara.

Kitonga akacheka kwa upole. "Urudi vipi, na pengine mimba ya pili imeshaingia?"

Kavutha akaendelea kukunja nepi.