Kwezi wa Marehemu Dénes

Utunzi wa muziki wa Emőke ulikuwa na filimbi moja, fidla nne na ndege wa kila namna. Ulikosa mwisho tu, na onyesho lilibakiza wiki sita. Mwisho huo aliutaka utokane na wimbo mmoja wa kale ambao yeye aliujua mwanzo tu; mzima ulikuwa umebaki kifuani mwa Bibi Rozál peke yake. Bibi Rozál alikuwa amefiwa na mumewe, Dénes. Kijijini kwao mjane haimbi mpaka mwaka wa kuvaa nyeusi uishe. Hata kanisani hutikisa midomo tu.

"Imba puani tu, kidogo, Bibi," Emőke alimsihi, safari yake ya tatu hiyo.

"Niimbe puani, majirani waseme nimepata mchumba? Kula, mwanangu. Umekonda kama fito."

Akamsogezea mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe, vitunguu juu. Juu ya kabati, ndani ya tundu, ndege kwezi aitwaye Matyi akajikung'uta, akapiga mluzi. Emőke akaacha kutafuna. Ulikuwa ni wimbo wenyewe! Kwezi akapanda nao, akakata kona, akafika pale pa kushukia, kisha: pi-pi-pi. Kimya.

"Nani kamfundisha?"

"Marehemu Dénes. Kila asubuhi alitoka na mahindi yake, anapiga mluzi. Akifika hapo, yuko mlangoni, anaita kuku kwa hiyo pi-pi-pi."

"Na mwisho wake?"

"Hakuufikia hata siku moja. Mlango ulikuwa karibu mno."

Emőke akarudi Budapest na wimbo usio na mkia. Akaubunia miisho sita. Yote ilikaa kama kofia ya kuazima. Siku zikamwishia, akaandika alichopewa na ndege.

Siku ya onyesho Bibi Rozál alikuja na nguo zake nyeusi, akaketi safu ya tatu. Filimbi ikapanda, ikakata kona: pi-pi-pi. Kimya. Watu wakatazamana, wapige makofi au wasubiri. Bwana mmoja wa mbele akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

Emőke akamkimbilia bibi. "Nisamehe, Bibi. Ni kiraka tu. Mwaka wako ukiisha nitakuja uniimbie mwisho, niurekebishe."

Bibi Rozál alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya kilemba chake.

"Miaka arobaini na moja nimekaa jikoni namsubiri amalize," alisema. "Leo tena hakumaliza."

"Ndiyo maana nasema..."

"Ukiugusa, mkate wangu huuonji tena."

Kisha akauliza njia ya kituo cha treni. Kuku walikuwa hawajafungiwa.