Saumu Alipowaambia Wanafunzi Wake

Mke wangu Saumu anafundisha kushona hapa Ujiji, katika chumba cha uani cha nyumba aliyotuachia marehemu baba. Mimi ni fundi wa mashine za boti, kazi yangu iko mwaloni, boti zinapoegeshwa, na jioni nikirudi nilikuwa nawakuta wanawake bado wamejibana na vyerehani vyao, mlango umefungwa vumbi lisiingie. Wengine walitoka mbali. Inamahoro, ambaye wazazi wake walikuja wakimbizi kutoka Burundi, alikuwa akipanda gari kutoka Kidahwe.

Mwaka jana Saumu alianza kukohoa, akapungua hata magauni yake mwenyewe ikabidi ayabane. Makohozi yalipopimwa, muuguzi Skolastika wa kliniki ya kifua akatuita.

"Ni kifua kikuu sugu," alisema. "Zile dawa za kawaida hazikiwezi. Utameza aina nne kwa pamoja, miezi sita, na usiache hata moja eti kwa sababu imekuudhi. Wavu wa dagaa hauvutwi na mtu mmoja."

Akauliza Saumu hukaa chumba kimoja na nani. Mimi na mama mkwe, Bi Ikram, tulipimwa, tukakutwa wazima. Walibaki wanafunzi. Pale pale kwenye benchi Bi Ikram akamshika binti yake mkono.

"Hao waache. Sema una pumu. Jambo hili likisikika Ujiji, nani atakanyaga tena kwako?"

"Mama, wamekuwa wakivuta pumzi yangu."

Skolastika akajitolea kwenda kuwaambia yeye mwenyewe, bila kutaja jina la mtu. Saumu akakataa. "Watajua tu. Bora wasikie kwangu."

Kesho yake aliwasimamisha uani, juani, yeye akiwa mbali nao na barakoa usoni. Hakuzunguka. Aliwatajia ugonjwa, akawaambia unapita hewani, akawaomba waende kupimwa siku hiyo hiyo. Mwanamke mmoja alibeba vitambaa vyake akatoka bila kuaga. Inamahoro, ambaye alikuwa na kikohozi anachokituliza kwa dawa ya maji ya dukani, akajishika kichwa, akamwita Mungu wake kwa Kirundi.

"Mana yanje! Mwalimu, umeniua."

Saumu alilia baada ya wote kuondoka. Nami niliyekuwa nimesimama mlangoni nilimtazama nikajisemea: huyu mwanamke ana moyo kuliko wanaume wote wa mwaloni.

Walienda kupimwa. Aliyekutwa nao ni Inamahoro peke yake, tena ugonjwa ule ule sugu, lakini ulikuwa bado haujamla sana.

Dawa zile si mchezo. Kichefuchefu kilimsumbua Saumu, kisha nyayo zikaanza kumwaka moto, akashindwa hata kukanyaga cherehani. Alilisema mapema kliniki. Daktari akampunguzia kipimo cha dawa moja, nyingine zikabaki vile vile, wakaendelea kumpima damu na moyo. Taratibu moto ukapoa.

Siku moja Skolastika akapiga simu: Inamahoro hajaonekana kliniki. Makohozi ya Saumu yalikuwa yameshakuwa safi wakati huo, nikampakia kwenye pikipiki hadi Kidahwe. Tulimkuta Inamahoro ameketi nje, miguu ndani ya beseni la maji baridi.

"Siendelei, mwalimu. Miguu inaniungua. Nitalimaje?"

Saumu akavua viatu, akaketi chini kando yake. "Yangu iliungua hivi hivi. Ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani? Wangesema mimi mkaidi."

"Mimi nilisema, wakanipunguzia ile inayochoma. Kuacha zote ni kuupa ugonjwa nguvu. Twende tukaseme wote wawili."

Inamahoro akatoa miguu majini. "Ego," alisema, akikubali kwa Kirundi. "Twende."

Daktari alimrekebishia kipimo siku ile ile, naye Inamahoro akarudi kwenye dawa.

Saumu alimaliza kwanza, Inamahoro akafuata, na wote wawili wakaambiwa wamepona. Wanafunzi wamerudi, hata yule aliyeondoka bila kuaga. Siku hizi wanashona mlango ukiwa wazi, vumbi na liingie.

Majuzi Skolastika alimwomba Saumu akazungumze na watu wa Mwamgongo, ambako wagonjwa wawili walikuwa wanaogopa kuanza dawa. Niliendesha boti mwenyewe. Bi Ikram aling'ang'ania kuja, ijapokuwa ziwa humtapisha. Inamahoro naye alikuwamo, amevaa gauni alilojishonea.

Saumu alipoanza kusema, mama mmoja wa kijijini akamnong'oneza Bi Ikram, "Huyu ndiye aliyekuwa na kifua kikuu?"

Bi Ikram hakunong'ona. "Ndiye. Ni binti yangu wa kuzaa. Aliumwa, akawaambia watu, akapona. Msikilize."

Saumu akamtazama mama yake, kisha akaendelea kusema kwa sauti ya juu zaidi.