Sauti Isiyohifadhiwa

Mama alikuwa mtangazaji wa stendi ya mabasi, mwenye sauti ya kumwamsha abiria aliyelala fofofo. Sasa kooni mwake mlikuwa na uvimbe mbaya, na kesho yake madaktari wangekiondoa kikoromeo chote, na sauti pamoja nacho. Binti yake kitinda mimba akaazima maikrofoni kazini, akaichomeka kwenye kompyuta ya mezani, akamkalisha mama mbele yake.

"Niseme nini? Abiria pandeni, gari linaondoka?"

"Chochote, mama. Wajukuu waje wakusikie."

Mama akajikohoza, akaanza. Alimtania mwanawe wa kwanza aliyewahi kumeza jino lake mwenyewe, akamsifu marehemu mumewe kwa kukoroma kwa adabu, kisha akaimba wimbo aliokuwa akiwalazia wanawe utotoni. Mistari ya kijani ilipanda na kushuka kwenye kioo. Binti hakuthubutu kumkatiza ili ahifadhi; angebofya mama akimaliza.

Umeme ukakatika wimbo ukiwa unaelekea mwisho.

"Imeingia?" mama akauliza.

"Imeingia, mama. Imo humo ndani."

Aliamini hivyo kwa moyo wote. Nje shemeji yake alikuwa ameshafika na gari la kuwapeleka hospitali, wakaondoka.

Kesho yake, mama akiwa bado katika chumba cha upasuaji, binti alirudi nyumbani na kuwasha kompyuta. Akatafuta kila mahali asione kitu. Akaibeba mbiombio hadi kwa fundi.

Fundi alihangaika nayo muda mrefu, kisha akaegemea kiti.

"Dada, diski yako ni nzima. Ila sauti haikuwahi kufika huko. Programu hii huishikilia kwenye kumbukumbu ya muda mpaka ubofye hifadhi. Umeme ukienda, kumbukumbu hiyo inafutika yote."

"Hata kipande hakijabaki?"

"Ningekuwa na pa kuchimba, ningechimba."

Wodini alimkuta mama macho wazi, mrija shingoni. Mama akagusa sikio lake, akainua nyusi. Binti alitaka kudanganya, ulimi ukakataa.

"Haikuhifadhiwa, mama. Nisamehe."

Mama akamvuta mkono. Midomo yake ikaanza kucheza, polepole, maneno mengi, hata akatabasamu katikati. Pumzi tu ndiyo iliyosikika mrijani. Binti aliinama, akakodolea macho ile midomo, asiambulie neno hata moja.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ndiyo."